Kalenda Kwenye Kamba ya Nguo

Ujumbe wa Mwajuma ulinikuta Tunduma, nikiwa juu ya ngazi, napaka jina la mwenye lori kwenye ubavu wa lori lake. Uliandikwa hivi: "Kaka Beni, dada Rehema ametutoka, mwezi umeshapita. Namba yako nimehangaika kuipata. Arobaini Jumapili, njoo. Kuna vitu vyako hapa." Nilimalizia herufi niliyokuwa nayo, maana rangi ikishaanza kukauka haimsubiri mtu, kisha nikashuka nikakaa kwenye tairi. Mwenye lori akaniuliza, "Vipi fundi, msiba?" Nikasema ndiyo. "Ndugu yako?" Nikamwambia ni mtu niliyewahi kumwandikia, akatikisa kichwa kama aliyeelewa, ingawa hakuna namna angeelewa.

Nimehama sana. Nimepaka mabango Mtwara, Kahama, Mpanda, miji ambayo nimeyasahau majina ya mitaa yake lakini nakumbuka rangi ya kuta. Watu huniuliza kwa nini sikai mahali, na mie huwa nawajibu kwamba kazi ya bango inaisha na mji unaisha nayo. Si kweli. Ukweli upo Tandika, kwenye ua wa nyumba moja ya vyumba vinne, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti changu cha kidato cha nne na mwandiko ambao kila mtu aliusifu.

Mwandiko ndio ulionipatia kazi. Nilikuwa napaka bango la duka la soda Kurasini, karibu na yadi za makontena, akasimama mwanamume mmoja mwenye shati la mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Akaniangalia hadi nikakosea. Akasema, "Dogo, unaweza kunakili kitu usichokielewa bila kukiharibu?" Nikasema naweza. Niliona ni swali jepesi. Tangu siku ile nimelijibu mara nyingi kichwani, na kila mara najibu vingine. Mtu huyo tulimwita Injinia, na alikuwa na kampuni ndogo ya watu watano juu ya stoo ya vipuri. Walitengeneza kifaa cha ukubwa wa tofali kilichofungwa ndani ya makontena ya baridi, kuangalia kama samaki na nyama waliomo bado wako kwenye ubaridi wao. Ndani ya kifaa kulikuwa na chipu, na ndani ya chipu kulikuwa na mfumo mdogo uliokiamsha kifaa, ukakisomesha kipimo cha joto, ukatuma taarifa, ukakilaza tena ili betri isiishe. Kilikuwa kinaamka mara tatu tu kwa siku: alfajiri, adhuhuri na magharibi. Mama mpika chai wa pale ofisini alikuwa akisema, "Kifaa cha watu hiki kinajua dini, ila kimepunguza sala mbili."

Mfumo huo uliandikwa na mgeni mmoja aliyekwisha kurudi kwao, akaacha kazi yake bila maelezo hata ya mstari mmoja. Mtu pekee aliyeweza kuusoma alikuwa Rehema. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini, na presha ya macho ilikuwa inamla pole pole. Skrini ya kompyuta alikuwa haioni tena. Mwanga wake ulimchoma, na herufi zikawa sisimizi. Lakini aliona herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, juani. Kazi yangu ilikuwa hiyo: Injinia anachapisha kurasa, mie nazipeleka Tandika, nanakili kila mstari kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa kalenda za mwaka uliopita, Rehema anasoma, ananitajia mistari mipya, naiandika, naipeleka Kurasini kuingizwa kwenye kompyuta. Kalenda nilizikusanya gereji na madukani. Mbele kulikuwa na picha za matrekta na misikiti na watoto wanaokunywa maziwa. Nyuma, weupe mtupu.

Tulizitundika kwenye kamba ya nguo. Pale uani jua lilipiga tangu saa mbili, na Mwajuma, mdogo wake Rehema, ambaye wakati huo alikuwa binti wa kupika vitumbua na kuwajibu watu ovyo, alitugawia vibanio huku akilalamika kwamba kanga zake zitakauka wapi. Rehema alipita mbele ya kalenda moja moja, uso umekaribia kabisa karatasi, kichwa kikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayenusa nguo kujua kama imekauka. Jirani, Mama Zai, alichungulia juu ya ukuta kila asubuhi.

"Hee! Leo tena mmefua Kiingereza?"

"Kina madoa, Mama Zai," Rehema alimjibu. "Tunakisuuza."

"Msikianike sana, kitapauka!"

Madoa yenyewe yalikuwa makro. Sikujua makro ni nini, na kwa wiki tatu nilinakili tu, hadi siku moja, tunakula mihogo ya nazi kwenye mkeka, nikamuuliza kwa nini anayachukia. Akaita, "Mwaju, lete kikombe." Akaniambia nisimame mbele ya pipa la maji. "Nakupa amri moja: chota maji pipani, kama ni masafi, kunywa. Utafanyaje?" Nikachota, nikatazama, nikanywa. "Umefanya kama mtu mwenye akili. Umechota mara moja, ukashika, ukatazama ulichoshika, ukanywa ulichoshika. Hiyo ndiyo funksheni. Sasa makro haina mkono wa kushika. Makro ni maneno yanayobandikwa yalivyo. Kila ninapotaja maji, inabandika 'chota pipani.' Kwa hiyo inachota kikombe cha kwanza, inakitazama, ni kisafi, inakimwaga. Inachota cha pili, inakunywa bila kukitazama." Mwajuma akacheka hadi akakaa chini. "Sasa si ndiyo huyo mume wa Mama Zai!" Rehema naye akacheka, halafu akaendelea kwa sauti ileile ya chini kwamba kwenye mfumo wa ndani kabisa, unaogusa waya zenyewe, kuchota mara mbili si mchezo. Kuna mahali ukichota umeondoa, na cha pili si kile cha kwanza. Ndiyo maana alitaka kuyatoa yote, moja baada ya jingine, aweke mahali pake funksheni ndogo ambazo mashine inazipachika palepale zinapoitwa, haraka kama makro, ila zina mkono. Yeye aliziita inlaini. Alitaka amalize kabla macho hayajafunga. "Nikimaliza hii," alisema, "mtu yeyote ataweza kuusoma huu mfumo bila mimi." Hicho ndicho alichokuwa anakimbiza.

Kuanzia siku ya kikombe nikawa mtu mwingine. Nilianza kuona. Wakati wa kunakili nilikuwa nasimama, nasema, "Dada, hapa inachota mara mbili," naye anakuja, ananusa mstari, anapiga makofi mara moja. "Umeona eeh! Kumbe nimepata macho yenye akili." Sijawahi kusifiwa shuleni namna ile. Nilitembea kutoka Tandika hadi chumba changu Keko nikijiona injinia kamili, nikizitazama herufi za mabango yangu ya zamani kama kazi ya mtoto. Kwa miezi minne nilikamata mara mbili nyingi. Na kadiri nilivyokamata, herufi zake zilizidi kukua. Mwanzo zilikuwa urefu wa kucha. Mwezi wa tano zikawa urefu wa kidole. Nilinunua tu kalamu nene zaidi, na kalenda moja ikabeba mistari michache zaidi. Siku moja Mwajuma alihesabu kalenda kwenye kamba, akaniangalia, akaenda jikoni. Nikamsikia kupitia dirishani akimwambia mama yao, "Zilikuwaga sita kwa ukurasa. Leo kumi na moja." Mama yao akasema, "Usimwambie." Kana kwamba Rehema hakuwa anapita mbele ya kamba ile kwa miguu yake.

Makro la kipimo cha joto lilikuwa karibu na mwisho. Lilikuwa fupi. Katikati yake, kwenye karatasi ya Injinia, kulikuwa na mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi: chukua kilichomo kwenye kipimo, kiweke hapa. Chukua kilichomo kwenye kipimo, kiweke hapa. Nakumbuka vizuri nilichofikiri, kwa sababu sikufikiri kwa muda mrefu. Nilifikiri, huyu mgeni naye, amejirudia. Nilifikiri, tayari tunajua mara mbili ni ugonjwa. Rehema alikuwa amechoka siku hiyo, amejilaza mkekani na kitambaa chenye maji usoni, na nikaona nimpunguzie. Nikaandika mstari mmoja. Nikaupanga vizuri katikati, nafasi sawa juu na chini, kama ninavyopanga jina la duka. Sikumwambia, maana niliona hakuna cha kumwambia. Akausoma, akanitajia inlaini yake, nzuri, fupi, yenye mkono. Nikaipeleka Kurasini. Mezani kifaa kilifanya kazi bila kosa, maana pale kilikuwa hakilali, kinasoma kila sekunde, na kitu kinachochelewa sekunde moja hakuna anayekiona. Injinia alinunua biriani ya kuku, tukala watu wote juu ya stoo, na tukamwekea Rehema sahani yake nikaipeleka Tandika nimeifunga kwenye mfuko.

Wiki ya tatu baada ya vifaa kurudishwa yadini, kontena moja la samaki lilizimika umeme asubuhi. Adhuhuri kifaa chetu kiliamka kikasema baridi iko sawa. Magharibi kikaamka kikasema joto limepanda kidogo tu. Wakati huo vibarua walikuwa wameshaziba pua kwa fulana. Injinia alirudi ofisini hakupiga kelele, akakaa akavua miwani. "Aliyebadilisha kitu ni Rehema tu," alisema. "Hakuna kingine kilichobadilishwa."

Tulikaa uani siku tatu, Rehema na mie. Alitaka kalenda zote zitundikwe, za zamani mstari wa mbele na zake mstari wa nyuma, tukaazima kamba kwa Mama Zai, ambaye safari hii hakutania. Alipita mbele ya kila moja. Sasa alikuwa anaona mstari kwa shida, anaugusa kwa kidole kana kwamba wino una kimo, halafu ananiambia, nisomee. Nikasoma. Alipofika kwenye kipimo alisimama muda mrefu. "Beni, hapa umenakili kama ilivyo?"

"Kama ilivyo, dada."

Naomba nieleweke: niliamini. Jambo lile lilikuwa limeshatoka kichwani mwangu, kama mtu anayetoa kijiwe kwenye mchele asikumbuke alikitupa wapi. Jioni ya siku ya tatu alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akasema hajaona kosa popote, na kwamba hilo ndilo linalomtisha. Kosa ukiliona ni lako. Kosa lililopo na hulioni maana yake kichwa nacho kimeanza. Injinia alirudisha mfumo wa zamani wenye makro yake yote, na vifaa vikasema kweli. Hapo hapakuwa na la kubishana. Akamwandikia Rehema barua ya shukrani nzuri sana, na mie ndiye niliyeinakili kwa herufi kubwa ili aweze kuisoma.

Siku kumi na kitu baadaye maji yalirudi Keko baada ya kukatika siku nne. Tulipanga foleni bombani. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alifungua, akakinga kopo la kwanza, akalimwaga chini bila hata kuangalia, ndipo akaweka ndoo. Nikamwambia, "Dada, maji yote haya ya shida unamwaga?" Akaniangalia kama mtu aliyetoka bara jana. "Kaka, hayo yalikuwa yamelala kwenye bomba. Ya kwanza si ya leo." Nilisimama na ndoo yangu mkononi hadi nyuma wakaanza kunisukuma. Niliacha ndoo pale pale. Nilikwenda Kurasini kwa miguu, nikaomba karatasi za zamani, nikaona mistari yangu miwili.

Injinia alitoa kitabu kidogo cha kile kipimo, akapekua, akaniwekea kidole. Ilikuwa sentensi moja: kipimo kikiamka, jibu la kwanza ni la kabla ya kulala, litupwe, lichukuliwe la pili. Mgeni wetu alikuwa amemwaga kopo la kwanza. Hakujirudia hata kidogo. "Kumbe," Injinia akasema, na akarudia, "Kumbe." Nikamuuliza kama tumwite Rehema arudi. Alikifunga kile kitabu, chini lori likirudi nyuma na kupiga king'ora chake. "Arudi kufanya nini, Beni? Ile barua nilipompelekea, aliishika juu chini. Ya zamani inafanya kazi, wenye makontena wametulia, siwezi kuigusa tena. Kama unataka kumwambia, kamwambie. Hilo ni lako."

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Anachambua kwa vidole, na kijiwe alikijua kabla hakijafika pembeni. Kamba ilikuwa na kanga tu. Alinitambua kwa hatua. "Macho yangu hayo yamekuja," akasema. "Mwaju, mletee Beni mihogo." Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema, "Dada, kuhusu ile kazi." Akaniwahi. Akasema ameshalala na lile jambo, ameshaamka nalo, na amepata pa kuliweka. "Unajua, nilikuwa najiuliza: ni kichwa changu au ni macho yako? Halafu nikaona, afadhali kiwe kichwa changu. Kichwa kikichoka unakipumzisha. Lakini kama nisingeweza kuyaamini macho yako, miezi ile yote, basi mie huko ninakokwenda ningemshika nani mkono?" Alisema hivyo akiendelea kuchambua. Mwajuma alileta mihogo, ilikuwa ya moto, nikaila yote. Mdomo wangu ulikuwa na kazi. Nikaaga, nikasema nitarudi Jumamosi. Ijumaa nilipanda basi Ubungo, la kwenda popote ambako ningepata ukuta wa kupaka.

Nimejiambia mengi tangu hapo. Kwamba nilimhurumia. Kwamba ukweli usingempa macho. Miji mingine huo ulikuwa uongo mtamu, miji mingine haukunifikisha hata asubuhi. Nilipiga simu mara mbili katika miaka yote hiyo, na mara zote nilimuuliza habari ya afya, naye akaniuliza siku hizi naandika nini.

Jumapili ile nilifika Tandika dua imeshaanza, nikakaa na wanaume nje chini ya turubai. Nilikula pilau nikiwa nasikia masufuria na sauti za wanawake uani, na nilitambua ya Mama Zai, imezeeka lakini bado iko juu ya ukuta. Watu walipopungua Mwajuma alikuja kunichukua. Amenenepa, ana wajukuu, na vitumbua vyake sasa vina bango, baya, nililitazama nikiingia. Uani kuna vigae. Kamba bado ipo. Alitoa chumbani bunda la kalenda lililofungwa kwa kipande cha kanga, akaliweka mapajani.

"Hivi ndivyo vitu vyako. Hakutaka mtu azitupe. Sie tulishataka kuwashia jiko, akatugombeza wiki nzima."

Nikasema ahsante. Nikanyoosha mikono, lakini hakunipa. Alifungua, akapekua harakaharaka kama anayejua anachotafuta, akachomoa moja. Mbele trekta. Nyuma mwandiko wangu, mzuri, mweusi, haujafifia.

"Hii hii ndiyo ilikuwa kazi yetu," akasema. "Kila baada ya muda fulani. Ananiita, Mwaju, itoe ile ya kipimo. Namtolea. Ananiuliza, hapo katikati kuna mistari mingapi? Namwambia mmoja. Ananiambia, hesabu tena, usiharakishe. Nahesabu. Mmoja, dada. Anasema, haya, ikunje. Mie sijui hata imeandikwa nini, najua moja na mbili basi. Mpaka mwaka huu, kabla ya Ramadhani, aliniuliza." Aliinua uso. "Kaka Beni, kwani ilikuwa mingapi?"

Pale jikoni mtu aliangusha mfuniko, ukazunguka sakafuni hadi ukatulia.

"Miwili," nikasema.

Mwajuma aliyarudisha macho kwenye kalenda. Midomo yake ilitembea kidogo, kama anahesabu tena.

"Basi mie ndiye niliyekuwa namkatalia."

"Hapana, Mwaju. Wewe ulihesabu vizuri."

Aliendelea kuishika kalenda kwa pembe, kama tulivyokuwa tukizishika kabla ya kuzibana kwenye kamba, na kidole chake kilikuwa kimesimama chini ya ule mstari mmoja, penye weupe niliouacha sawasawa juu na chini.